Kinga ya handaki la pikipiki ya theluji: fito za metali, plastiki, rangi nzito au utando?

Anayetafuta kinga ya handaki la pikipiki ya theluji (snowmobile, mashine yenye skii mbele na mkanda wa mpira nyuma) hukuta bidhaa za aina nne au tano, zote zikisifiwa kwa maneno yaleyale: ngumu, nyepesi, rahisi kufunga. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mnunuzi kuchagua kwa kutazama upande wa nje, unaong'aa mashine ikiwa imeegeshwa, ilhali kipigo kinatua ndani, mahali ambapo hapaoni mpaka alale chali sakafuni akiwa na tochi mkononi. Ulinganisho huu umeandikwa kwa mazingira ya kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, mahali ambapo kampuni za kutengeneza mashine hizi, Polaris na Arctic Cat, zilianzia, ya kwanza katika mji wa Roseau na ya pili katika mji wa Thief River Falls, na ambapo wenzetu kadhaa waliotoka Afrika Mashariki wamejikuta wakirithi mchezo huu kutoka kwa majirani zao.

Handaki ni ile sehemu ya fremu iliyo chini ya kiti, yaani bati la alumini lililokunjwa mfano wa mfereji uliofunikwa kifudifudi, ambamo mkanda wa mpira unaosukuma mashine huzunguka. Kwenye pikipiki zenye injini inayopozwa kwa maji, rejeta haikai mbele ikipulizwa na upepo kama ya gari; imepachikwa humo humo handakini, darini na mara nyingi kwenye ukuta wa mbele pia, ili theluji inayorushwa na mkanda iigonge, iyeyuke juu yake na kuondoka na joto. Hapo ndipo ugumu wote wa jambo hili ulipo. Sehemu inayohitaji kulindwa kuliko nyingine ndiyo isiyotakiwa kufunikwa, na bidhaa yoyote inayoahidi kuilinda rejeta kwa kuivisha shuka inakulipisha ili uunguze injini.

Kabla ya kulinganisha kinga, inafaa kujua kinachopiga. Mkanda ukiwa chini hurudi nyuma, hupanda kwenye magurudumu ya mwisho, kisha husafiri kuelekea mbele ukiwa karibu na dari ya handaki. Jiwe linaloachiliwa nyuma huruka na kwenda zake, na linakuwa tatizo la anayekufuata. Jiwe linalonasa kati ya meno ya mpira, lakini, hubebwa juu mpaka mbele kabisa, mahali ambapo sproketi, yaani magurudumu yenye meno yanayozungusha mkanda, zimeacha nafasi finyu, na huko hupiga ukuta wa mbele au husagwa dhidi yake. Kwa kuwa upande wa juu wa mkanda husogea, ukilinganisha na handaki, kwa kasi ileile ya mashine, hesabu yake ni nyepesi. Katika kilomita 80 kwa saa, ambao kwa takriban ndio ukomo wa kisheria wa Minnesota wa maili 50, kokoto ya gramu 50 hubeba nishati ya karibu jouli 12, sawa na nyundo ya kilo moja na robo iliyoachiwa ianguke kutoka urefu wa mita moja, isipokuwa nyundo ina uso bapa na kokoto ina ncha. Ukipunguza mwendo hadi kilomita 40, nishati hiyo hushuka mpaka robo yake, yaani jouli 3. Hakuna kinga ya dukani inayopunguza kipigo kwa kiasi hicho.

Mawe yenyewe yanatoka wapi katika nchi iliyofunikwa na theluji? Watu wengi hapa hupita kwenye mitaro ya kando ya barabara, na mitaro hiyo ndiyo jalala la magari ya kusukuma theluji, ambayo hutupa humo changarawe, mchanga na chumvi ya barabarani. Kuna pia mahali pa kuvukia barabara na viingilio vya mashamba, ambapo theluji huisha kwa mita kumi au ishirini na mkanda ukaanza kuchota kokoto. Mwanzoni mwa msimu, Novemba na Desemba, theluji ikiwa bado haijashika, hata njia zilizosawazishwa huwa na mawe yaliyojificha sentimita chache tu chini. Aliyewahi kuendesha gari kwenye barabara ya vumbi nyumbani anaijua ile sauti ya mawe chini ya gari. Tofauti ni kwamba kule jiwe hugonga na kudondoka, humu limefungiwa chumbani pamoja na mkanda unaozidi kulirudisha.

Soma makovu kwanza

Mulika ndani ya handaki kutoka nyuma, mkanda ukiwa umeinuliwa, na usome kilichoandikwa darini. Mistari mirefu iliyonyooka, inayokwenda sambamba toka nyuma hadi mbele kama iliyochorwa kwa rula, imetokana na misumari ya barafu, vile vipande vya chuma vinavyofungwa kwenye mkanda ili ukamate barafu. Mabonde ya mviringo, yaliyotawanyika bila mpangilio na kuzidi kadiri unavyokaribia mbele, ni mawe. Sehemu pana iliyong'arishwa bila kuchimbika ni meno ya mpira au mabonge ya barafu, na mara nyingi husema kwamba mkanda umelegea. Makovu haya matatu yana tiba tatu tofauti, na mtu aliyenunua tiba ya kovu moja kwa ajili ya lingine amepoteza fedha zake hata kama bidhaa ilikuwa nzuri.

Hilo la mkanda kulegea halihitaji kununuliwa chochote. Mkanda uliolegea hutanuka kwa kasi, hupanda na kugusa dari, hivyo kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako, upande wa kushoto sawa na wa kulia, kisha safisha bati na urudi kutazama baada ya safari mbili.

Fito za metali

Hizi ni fito mbili au zaidi zinazopigwa ribiti darini mwa handaki, sambamba na rejeta, zikiwa zimesimama juu kuliko rejeta yenyewe. Namna zinavyofanya kazi hueleweka vibaya. Ufito haukusudiwi kupigwa na msumari. Umewekwa kwenye mstari ambao hauna msumari hata mmoja, ili mkanda unapopanda, mpira uguse ufito kabla misumari ya pembeni haijafika kwenye rejeta. Kwa hiyo mpangilio wa misumari na mahali pa fito ni jambo moja, na anayefunga misumari leo akaahirisha fito mpaka mwezi ujao ameanza kazi upande usiofaa. Desturi ya mafundi ni kuacha msumari utokeze milimita 6 hadi 9 na nusu juu ya meno ya mpira. Zaidi ya hapo unatafuta ugomvi na dari.

Kwa misumari, fito hazina mpinzani. Rejeta inabaki wazi, theluji inaigusa, na kinachochakaa ni ufito unaoweza kubadilishwa. Dhidi ya mawe zinasaidia kidogo tu, kwa sababu kokoto ndogo hupita katikati yake bila taabu.

Swali linalobaki ni alumini au chuma cha pua. Chukua ufito wa mita moja, wenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 6: wa alumini una uzito wa karibu gramu 400, wa chuma karibu kilo 1.2. Kwa fito mbili tofauti hiyo ni kilo moja na nusu, ambayo mpanda njia za kawaida hataihisi. Sababu ya kupendelea alumini ni nyingine. Chuma kikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa, na mitaro yetu, kama nilivyosema, imejaa chumvi ya barabarani. Baada ya misimu michache ufito wa chuma utakuwa mzima kabisa, umeshikilia bati lililooza kuuzunguka. Ribiti nazo ziwe za alumini kwa sababu hiyohiyo. Anayelazimika kutumia chuma, kwa kuwa ana misumari mingi na mwendo mkubwa, atenganishe metali hizo mbili kwa utepe au silanti isiyopitisha maji, na asiache tundu lolote wazi.

Shiti za plastiki

Plastiki inayozungumziwa hapa ni polithini ya daraja la UHMW (yenye molekuli nzito mno), ndugu wa ile inayotengenezewa ubao wa kukatia nyama buchani, na mwenye pikipiki hii tayari anayo chini ya mashine: vile vitelezeo ambavyo mkanda hupita juu yake vimetengenezwa kwa jamii hiyohiyo ya plastiki. Sifa yake kubwa ni kwamba haivunjiki kwa baridi. Plastiki nyingi katika nyuzi 30 chini ya sifuri hupasuka kama kioo. Hii hubonyea, ikarudi. Pia inateleza mno, hivyo theluji na barafu havigandi juu yake kama vinavyoganda kwenye bati lililokwaruzika, na hilo peke yake huacha nafasi zaidi kwa mkanda kuzunguka.

Dhidi ya mawe ndiyo chaguo langu la kwanza kwa kuta za pembeni za handaki na kwa sehemu za dari zisizo na rejeta. Ufito wa vipimo vile nilivyotaja hapo juu, ukiwa wa plastiki hii, una gramu 140 tu.

Ina masharti matatu, na wauzaji hutaja moja. La kwanza ni joto. Aloi za alumini hupitisha joto zaidi ya mara mia tatu kuliko plastiki hii, kwa hiyo hata shiti nyembamba juu ya rejeta ni blanketi. La pili ni kwamba gundi za kawaida haziishiki. Atakayekwambia ubandike bila ribiti hajawahi kuibandika. La tatu ndilo linalowaharibia wengi kazi: plastiki hii husinyaa sana kwa baridi. Kipande cha mita moja kilichokatwa karakana ikiwa na nyuzi 20, kikitoka nje penye nyuzi 30 chini ya sifuri, hufupika kwa milimita 8 au hata 10, wakati bati la alumini lililo nyuma yake hufupika kwa milimita moja na kidogo. Ukitoboa matundu ya duara na kukaza ribiti, shiti itavuta ribiti mpaka itanue tundu kwenye bati, au itajikunja kiangazi kama bati la paa. Toboa tundu moja la duara katikati ya shiti ili kuishikilia, na mengine yote yawe marefu kama punje ya tende, yakiwa na wosha pana, ribiti zikae bila kubana mno.

Rangi nzito ya kupuliza

Ni ileile inayopulizwa kwenye karai la pikapu ili mizigo isikwaruze bati, na inapendwa kwa sababu inafika kila kona na haina ribiti. Kwa upande wa nje wa handaki na sehemu ya chini ya mbele sina neno. Ndani sikubaliani nayo.

Mashine yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imetumika, na muuzaji alikuwa ameipuliza handaki zima kwa rangi hiyo nyeusi, rejeta ikiwemo. Ilipendeza kama mpya. Tulikwenda ziwani na rafiki mwenye mashine ya aina hiyohiyo, tukapita njia ileile, theluji ileile. Taa ya joto ya kwangu ikawaka kabla hatujafika ng'ambo, ya kwake haikuwaka siku nzima. Kuikwangua kulinichukua jioni nne kwa kisu cha plastiki na msasa, na chini ya rangi nikakuta ufa wa urefu wa kidole ambao bila shaka ndio ulioifanya ipulizwe.

Kasoro hizo mbili, kuziba joto na kuficha nyufa, zinatosha kuiweka chini ya plastiki katika orodha yangu. Ongeza kwamba uso wake wenye chembechembe hushika barafu, na kwamba siku ukihitaji kuchomelea bati, fundi atakudai kwanza uondoe rangi yote kuzunguka mahali hapo. Nyingi za aina hii hutoa mvuke wenye isosianati wakati wa kupuliza, kwa hiyo kitambaa puani hakitoshi. Zinataka kinyago chenye hewa yake au kibanda cha fundi.

Utando wa kubandika

Utando wa poliyurethani una unene wa takriban milimita 0.2. Huzuia viatu vyako visikwangue rangi ya nje pale unapopandia, na huzuia kokoto ndogo zinazorushwa na skii zisitie madoa. Ni kinga ya sura ya mashine, nayo ina thamani siku ya kuiuza. Ubandike ndani penye joto, bati likiwa limesafishwa kwa spiriti, kwa maana ukibandikwa kwenye baridi hung'oka ncha wiki hiyohiyo. Kuuweka ndani ya handaki ni kupoteza muda.

Mpira wa nyuma

Nyuma ya handaki huning'inia mpira, mfano wa ule wa kuzuia matope kwenye lori, na mara nyingi husahaulika katika mijadala ya kinga kwa kuwa huja na mashine. Una kazi mbili: kumlinda anayekufuata na mawe, na kurudisha theluji ndani ili ifike kwenye rejeta. Waendao milimani kwenye theluji nyingi huukata, kwa sababu mashine ikirudi nyuma mkanda huweza kuuvuta chini na kuurarua. Kwa Minnesota, penye theluji haba na changarawe nyingi, kuukata ni kuomba joto na ugomvi na wenzako. Ukiwa umeraruka, badilisha kwanza huo kabla ya kununua kitu kingine chochote katika ulinganisho huu. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja.

Ukuta wa mbele

Hapa ndipo mawe huua rejeta, na hapa ndipo bidhaa za dukani ni chache zaidi. Uchaguzi ni kati ya sahani nzima ya alumini na kinga ya vijiti vyenye nafasi kati yake. Sahani nzima huzuia kila kitu, joto likiwemo; ifungwe tu kama ukuta wako wa mbele hauna rejeta. Palipo na rejeta, chukua ya vijiti, ambayo huacha theluji ipite na kuzuia mawe makubwa yenye uwezo wa kutoboa. Kokoto ndogo zitaendelea kuacha mabonde, na mabonde hayavujishi kulanti, yaani maji ya kupozea injini.

Tatizo la ukuta huu ni nafasi. Meno ya mkanda hupita karibu sana, na kinga iliyotokeza milimita mbili kupita kiasi hugeuka yenyewe kuwa jiwe. Njia yangu ya kupima ni donge la unga uliokandwa, kama wa chapati: libandike mahali kinga itakapokaa, zungusha mkanda mzunguko mzima kwa mkono, kisha likate kwa kisu katikati upime unene uliobaki. Huo ndio upeo wa kinga yako, na utoe tena milimita kadhaa kwa ajili ya mkanda kutanuka kwa kasi. Kazi hii ifanyike karakanani penye joto, unga ukiwa laini. Nje utaganda na kukudanganya.

Nani achukue nini

Mwenye misumari kwenye mkanda hana cha kujiuliza: fito za alumini kwanza, kabla ya safari ya kwanza, na akumbuke kwamba sheria ya Minnesota inakataza vyuma hivyo kwenye njia za umma zilizowekwa lami, isipokuwa pale mamlaka ya eneo iliporuhusu. Kama hupiti maziwa yaliyoganda wala vilima vya barafu, jiulize kama unaihitaji misumari yenyewe, kwa kuwa kuiondoa ni kinga ya handaki isiyo na gharama ya kufunga.

Asiye na misumari lakini anapita mitaroni kila wikendi achukue vijiti vya mbele na plastiki ya UHMW kwenye kuta za pembeni, aache dari ya rejeta wazi. Vikishindikana vyote kwa bei, achague vijiti vya mbele, kwa sababu bonde kwenye ukuta wa pembeni ni aibu tu, na tundu kwenye rejeta ni kulala msituni.

Mwenye mashine ya zamani yenye injini inayopozwa kwa feni ana bahati ambayo hajui anayo: handakini mwake hamna rejeta, kwa hiyo anaweza kuvisha dari na kuta zote kwa plastiki bila hofu ya joto. Kwake yeye hata rangi nzito inavumilika, mradi akague nyufa kabla ya kupuliza.

Na ambaye bati lake limekwisha kupasuka asifunge kinga yoyote juu ya ufa. Atoboe tundu dogo la milimita 3 mwisho wa ufa ili usiendelee, apige kiraka cha alumini kwa ribiti, ndipo afikirie kinga. Rejeta iliyotoboka inataka kumwagwa kulanti, kusafishwa na kuchomelewa na fundi anayeijua alumini. Gundi ya epoksi itakurudisha nyumbani siku hiyo, lakini isikupeleke safari nyingine.

Chochote utakachofunga, rudi chini ya mashine na tochi baada ya kilomita mia za kwanza. Gonga kila ribiti kwa kucha. Inayotoa sauti ya kucheza imeshaanza kutanua tundu lake, nayo ing'olewe na kubadilishwa kwa ya saizi moja juu kabla haijadondoka ndani ya mkanda.